Maswali ya Wasomaji: Utamu wa Muwa Unatoka Kwenye Mbegu au Shambani?

Toleo lililopita tuligusia sukari kidogo tu, basi meseji zilizoingia tangu hapo karibu zote ni za miwa. Mliouliza bei mtanisamehe, mimi siyo mtu wa bei. Ila kuna swali linajirudia kwa sura tofauti tofauti, kwamba utamu wa muwa ni wa kurithi au ni wa matunzo, na hayo mengine yaliyomo ndani yake, madini na vitamini, nayo yanakujaje. Nimechagua machache, yaliyofanana nimeyaunganisha, majina nimeyaondoa kama wengi mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi na jirani tumepakana mashamba na mbegu alinipa yeye mwenyewe, aina ya NCo 376, tukapanda msimu mmoja. Kwenye malipo sukrosi yake, yani sukari ya kwenye muwa, inasoma juu kuliko yangu na siyo mara moja. Inawezekana aliyonipa siyo ile? Au mbegu ikihamishwa shamba inapoteza utamu? (Mkulima wa nje, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Kwanza mwache jirani wa watu, hajakufanyia kitu. Muwa hatuupandi kwa mbegu ya kweli, tunapanda vipando, na ukikata pingili tatu ukazifukia hujapanda mtoto wa muwa ule, umepanda muwa ule ule unaendelea na maisha yake sehemu nyingine. NCo 376 yako na ya jirani na ya mtu wa Afrika Kusini ambako ilitolewa kwa wakulima mwaka 1955 vinasaba vyake ni vile vile, havibadiliki kwa kuhamishwa shamba. Watu wanaposema mbegu imechoka, mara nyingi ni magonjwa yamerundikana, maana vipando vinabeba magonjwa, hasa ule unaodumaza maotea, yani machipukizi yanayoota baada ya kuvuna, ambao huuoni kwa macho na panga ndo linausambaza shina kwa shina. Huo unakula uzito zaidi kuliko utamu. Dawa yake ni kuanza na vipando vilivyopitishwa kwenye maji ya moto, nyuzi 50 kwa saa 2, waulize kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Kibaha, au chama chenu cha ushirika, hiyo AMCOS, kama kuna kitalu cha mbegu safi.

Sasa tuje kwenye sukrosi. Mbegu inaweka dari tu, kwamba muwa huu mwisho wake ni hapa, kufika au kutofika ni habari ya shamba. Majani yanatengeneza sukari, inashuka kwenye shina, na kwenye zile pingili changa kuna kimeng'enya kinaitwa invatesi kinaikata sukrosi vipande viwili, glukosi na fruktosi, mmea unazitumia kurefuka. Pingili ikikomaa kimeng'enya kinapungua, hapo ndo sukrosi inaanza kujaa. Ndo maana muwa usiokomaa ukiutafuna chini ni mtamu, juu ni majimaji. Wanaopima kwa refraktomita, kile kifaa cha kupimia utamu, wanakamua tone la pingili ya chini na tone la pingili ya juu, namba zikikaribiana muwa umeiva, zikiachana mbali bado unakua na hukutakiwa kuukata.

Kwa hiyo chochote kinachoushawishi muwa uendelee kukua kinakula hela yako, urea iliyowekwa kwa kuchelewa, maji ambayo hayakukatwa zile wiki za mwisho, miwa iliyolala ikatoa machipukizi mapya pembeni halafu yakakatwa yote pamoja, vilele kuachwa virefu ili mzigo uonekane mkubwa. Halafu kuna kusubiri gari. Muwa ukishakatwa, na hasa ukishachomwa, sukrosi inaanza kuvunjika na bakteria wanaingia, inatakiwa iwe imefika kwenye mashine ndani ya saa 48 hivi, sasa mtu anakaa na mzigo siku nne juani halafu anashangaa karatasi ya malipo. Muulize jirani vitu viwili tu, urea ya mwisho aliweka lini na gari lake lilipakia siku ya ngapi. Mimi naanzia hapo kabla ya kugusa mbegu.

SWALI: Kaka habari za kazi. Nauza juisi ya miwa hapa Tanga. Ile miwa ya zambarau, minene, laini, wateja wanaipenda na inatoa maji mengi. Ikikosekana tunaletewa ya aina ya kiwandani, migumu balaa, inasumbua mashine na makapi ni mengi. Kwa nini wasilime hiyo laini kila mahali tukapata wote? Na ile rangi ndo inaleta utamu? (Mama Juisi, Tanga)

JIBU: Salama dada yangu. Rangi isikudanganye, ile zambarau ni antosiyanini tu, rangi ya asili ya mimea, iko kwenye ganda, kuna miwa ya zambarau isiyo na ladha na ya kijani mitamu kupita kiasi. Ulaini ndo wenye historia, na ni historia ndefu kidogo kwa hiyo vumilia.

Huo muwa wako mnene na laini ni wa ukoo unaoitwa Saccharum officinarum, watu wa kisiwa cha New Guinea waliutoa porini maelfu ya miaka iliyopita, wakichagua wa kutafuna, na mtu anayechagua wa kutafuna anachagua utamu mwingi na nyuzi chache, basi. Hakuna aliyekuwa anachagua uvumilivu wa magonjwa. Muwa huo ndo ulitembea dunia nzima mpaka kwenye mashamba makubwa ya wakoloni, na miaka ya 1880 ukaja ugonjwa wa sereh kule Java ukaanza kuyamaliza. Waholanzi wakachanganyikiwa. Karibu na miaka hiyo hiyo, kule Java na kule Barbados, watu wakathibitisha kitu ambacho wengi walikuwa hawaamini, kwamba ua la muwa linatoa mbegu inayoota, maana yake miwa inaweza kuzalishwa kwa kuoanishwa kama mahindi.

Wakaenda kumtafuta ndugu wa porini, Saccharum spontaneum, ukimwona huwezi kumwita muwa, ni jani refu lenye kijiti chembamba kama kidole, nyuzi tupu, sukari kiduchu. Ila magonjwa hayamsumbui, ukame hamjali, ukimkata anaota tena na tena. Java kulikuwa na chotara mmoja aliyetokea mwenyewe bila kuoanishwa na mtu, anaitwa Kassoer, mama yake muwa mtamu wa Black Cheribon, baba yake wa porini anaitwa Glagah. Na hapa kuna kitu mimi kila nikikisoma nafurahi. Kawaida mzazi anatoa nusu ya kromosomu zake, yani vifurushi vinavyobeba vinasaba, sivyo? Mama alikuwa na 80, baba 112, kwa hesabu ya kawaida mtoto apate 40 na 56. Kumbe Kassoer ana 136, yani 80 na 56, mama katoa zote! Mholanzi mmoja anaitwa Bremer ndo alizihesabu miaka ya 1920 na kuonyesha kwamba kwenye ndoa hii muwa mtamu mara nyingi unatoa mzigo wake mzima. Ndo maana wazalishaji waliweza kurudisha utamu haraka, walichukua chotara wakamuoanisha tena na muwa mtamu, kisha tena, damu ya porini ikabaki kidogo tu ya kuleta ukakamavu. Mwaka 1921 Mholanzi mwingine, Jeswiet, akapata aina inaitwa POJ 2878, mjukuu wa huyo Kassoer, na ndani ya miaka michache ukawa umetanda karibu Java yote.

Wahindi nao walikuwa wanafanya yao Coimbatore, kituo kilianza 1912, watafiti Barber na Venkatraman wakatoa aina ya Co 205 mwaka 1918, damu ya porini moja kwa moja. Baadaye wakamchukua POJ 2878 wakachanganya na wa kwao ikatoka Co 421, ambayo watu wa Nyanza na Magharibi kule Kenya wanaijua vizuri sana, na Co 421 ikaoanishwa na Co 312, mbegu zikapelekwa Natal, Afrika Kusini, kwa sababu kule baridi inafanya miwa isizae vizuri, wakapanda, wakachagua, ndo hiyo NCo 376 ya ndugu yetu wa Morogoro hapo juu. N ni Natal, Co ni Coimbatore. Kwa hiyo hiyo migumu inayokusumbua mashine ina mababu wa Java na India, ikachaguliwa Afrika Kusini, na sehemu kubwa ya vinasaba vyake, kama asilimia 80, bado ni ya huyo huyo muwa wako laini. Ugumu unatoka kwenye ile asilimia 10 mpaka 20 ya porini.

Viwandani hawawezi kulima laini mashamba makubwa, magonjwa na wadudu wangeumaliza, unataka maji na udongo mzuri, na maotea yake yanachoka mapema. Na nyuzi zenyewe kiwanda kinazitaka, yale makapi ndo kuni zao, wanachoma wanapata mvuke na umeme wa kuendeshea mitambo. Ushauri wangu tafuta mtu wa bondeni mwenye maji akulimie ekari moja ya ule wa zambarau kwa mkataba, mpe bei nzuri, na mwambie vipando achukue kwenye mashina yenye afya tu. Shina likitoa kitu cheusi kirefu kama mjeledi juu, huo ni ugonjwa, ling'olewe lichomwe.

SWALI: Vipi daktari. Niko chuo hapa Kisumu, nimeskia jinomu ya muwa ilisomwa 2024. Sasa si waende tu kwa jeni ya sukari waiongeze mara mbili? Pia wazazi wangu wako na miwa huko Muhoroni na wamekuwa wakilipwa kwa tani, sukari mingi kwa muwa itawasaidia aje? (Mwanafunzi, Kisumu)

JIBU: Kijana swali lako la pili ndo tamu zaidi. Mkulima akilipwa kwa tani atapanda muwa mzito, hata uwe na utamu wa wastani, na hana sababu ya kusubiri uive vizuri kama ana ada ya shule ya kulipa, na ukweli huwezi kumlaumu. Mtafiti anaweza kutoa aina tamu ajabu ikabaki kwenye kitalu. Kenya kwa miaka mingi malipo yamekuwa ya uzito, na mimi naona hilo limeathiri utamu wa miwa ya Magharibi na Nyanza kuliko jeni yoyote ile. Huku Tanzania wanaopimiwa sukrosi wanaulizana mambo mengine kabisa, umeona barua ya kwanza.

Sasa jinomu, yani maandishi yote ya vinasaba vya mmea. Kweli, mwaka 2024 walitoa ramani ya R570, aina iliyotoka kisiwa cha Réunion na iko mpaka mashamba ya Tanzania. Ilichukua muda kwa sababu muwa ni kichaa, binadamu ana herufi bilioni 3 hivi, muwa wa kisasa ni kama bilioni 10, kromosomu ni 100 mpaka 130 kutegemea aina, R570 wenyewe ni 114 hivi. Wewe una nakala 2 za kila jeni, moja ya baba moja ya mama. Muwa una 10, hata 12, na hazifanani, nyingine za mtamu, nyingine za porini, nyingine zimekatwa na kuunganishwa. Halafu utamu hauna jeni moja. Kuna jeni za kutengeneza sukrosi kwenye jani, za kuisafirisha, za kuikata, za kuamua lini pingili ikomae, na kila moja ina nakala hizo kumi na kitu zikiimba pamoja kama kwaya, ukimpandishia sauti mwimbaji mmoja humsikii. Linganisha na kutu ya kahawia, ule ugonjwa wa majani, hapo R570 ina sehemu moja inaitwa Bru1 inayofanya karibu kazi yote ya kuuzuia, kwa hiyo wazalishaji wanaitafuta kwa kipimo cha maabara mche ukiwa bado mdogo. Kwa utamu hakuna Bru1.

Walijaribu lakini. Watu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2007 walitangaza kwamba wameingiza jeni ya bakteria inayobadilisha sehemu ya sukrosi kuwa sukari nyingine, isomaltulosi, na jumla ya sukari kwenye shina ikapanda karibu mara mbili. Dunia ya miwa ikashangilia. Hiyo ilikuwa ndani ya banda la vioo, na mpaka leo hakuna mkulima anayeulima muwa huo kibiashara. Miwa ya GMO, yani iliyopandikizwa jeni maabara, iliyopita kwenye vibali ni ya mambo mengine, Indonesia mwaka 2013 waliruhusu wa kuvumilia ukame, Brazil mwaka 2017 wakaruhusu wa kuzuia kiwavi anayetoboa shina.

Cha kushangaza ni kwamba utamu unarithiwa vizuri kuliko uzito, yani wazazi watamu wanazaa watoto watamu bila longolongo, wakati tani kwa ekari zinayumba na mvua na udongo. Sasa mbona haupandi kila mwaka? Sababu mojawapo ni kwamba karibu miwa yote ya biashara duniani imetoka kwa mababu wachache wale wale wa Java na Coimbatore, ukioanisha ndugu kwa ndugu hakuna jipya kubwa linalotokea. Ndo maana wanarudi porini kutafuta damu mpya, na kila wakirudi utamu unashuka kwanza, inabidi kuupandisha upya kizazi baada ya kizazi. Kwenu huko kuoanisha kunafanyika Mtwapa, Pwani, kwa sababu ya hali ya hewa inayofanya miwa ichanue, halafu miche inapelekwa kituo cha utafiti cha Kibos kuchujwa. Kutoka maelfu ya miche mpaka aina moja ya kumpa mzazi wako Muhoroni ni miaka 10 mpaka 15. Ukimaliza chuo waombe kazi.

SWALI: Dokta, nina mtoto wa miaka miwili, kliniki wamesema damu yake iko chini. Shangazi yake anasema nimpe juisi ya miwa na sukari guru eti zina madini ya chuma. Pia nimeona kuna viazi lishe na maharage lishe, muwa lishe upo? (Mama wa mtoto, Mwanza)

JIBU: Pole mama. Muwa lishe haupo, na kwa maoni yangu hauna haja ya kuwepo. Juisi ya muwa ni maji na sukrosi, hayo mengine ni kidogo, potasiamu ndo inaonekana kwa kiasi, kalsiamu na magneziamu kidogo, chuma ni chembe tu. Aina kwa aina zinatofautiana kwa madini, ila tofauti inayotokana na udongo na mbolea inaweza kuipita ile ya mbegu. Sukari guru kweli inabaki na madini ambayo sukari nyeupe imeyapoteza, na ina chuma, lakini sehemu ya chuma hicho inatoka kwenye masufuria na mitambo ya chuma wanayochemshia, kwa hiyo ya huyu siyo sawa na ya yule, huwezi kuipimia kama dawa.

Na hata mtaalamu akizalisha muwa wenye karotini, ile inayogeuka vitamini A mwilini, kama kiazi lishe, kiwandani wanaweka chokaa, wanachuja, wanachemsha, wanazungusha, inatoka sukari nyeupe ambayo ni sukrosi zaidi ya asilimia 99, karotini yote imeishia kwenye tope na molasi. Kiazi unakichemsha unakila hicho hicho, ndo tofauti. Nchi zilizotaka sukari ibebe vitamini A ziliiongeza kiwandani mwishoni, Guatemala walianza miaka ya 1970 na Zambia mwaka 1998.

Glasi moja ya juisi ya miwa, ya mililita 250, ina sukari zaidi ya gramu 30, na WHO wanashauri hata mtu mzima kwa siku nzima asizidi gramu 50 hivi, ikiwezekana 25. Mtoto wa miaka miwili akishiba hiyo hali chakula. Mpe dawa ya damu uliyopewa kliniki kama walivyoelekeza, na maharage, dagaa, nyama au maini kidogo, mboga za majani na tunda lenye vitamini C pembeni. Mrudishe kliniki tarehe waliyokupangia. Shangazi mwambie juisi mtakunywa nyie wakubwa.

SWALI FUPI: Ng'ombe wa maziwa nimpe miwa nzima au majani? (Mfugaji, Moshi)

JIBU: Vilele na majani mabichi, vilivyokatwakatwa, ila protini ni ndogo mno, changanya na mashudu au lukina. Aina laini ng'ombe anaisaga vizuri kuliko ngumu. Akila miwa peke yake anashiba na maziwa yanakata.

SWALI: Mzee wangu nasikia Brazil wanalima miwa bila mbolea ya chumvichumvi kwa sababu aina zao zinajitengenezea naitrojeni zenyewe. Tunaweza kupata mbegu hiyo Kagera? (Mkulima, Missenyi)

JIBU: Bila mbolea kabisa hapana, wanaweka, ila kihistoria wameweka naitrojeni kidogo kuliko nchi nyingi na mavuno yakaendelea kutoka. Aliyelifuatilia hilo maisha yake yote ni mama mmoja anaitwa Johanna Döbereiner, na mwaka 1988 yeye na wenzake walitangaza bakteria anayeishi ndani kabisa ya muwa, kwenye shina na mizizi, kwenye utamu mwingi, ambaye anaweza kukamata naitrojeni ya hewani. Muwa hauna vifundo kama maharage, huyo anakaa tu humo ndani. Na aina za miwa zinatofautiana, kuna zinazofaidika naye na kuna ambazo hazipati chochote cha maana, kwa hiyo hapo urithi upo kweli. Ila naitrojeni hiyo inategemea pia udongo na maji, na aina iliyozoea Brazil ukiileta Kagera inapita karantini na majaribio ya miaka kwanza, usije ukanunua vipando vya magendo kwa mtu anayekuambia ni vya Brazil, utajiletea ugonjwa mpya kijijini.

Na kama unatafuta kirutubisho ambacho watu wanakisahau, tazama silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Muwa unaifyonza kwa wingi, inakaa kwenye ganda, inaufanya mgumu kwa yule kiwavi anayeitwa Eldana anayetoboa mashina. Watafiti wa Afrika Kusini waliona kwamba aina zinazoshambuliwa sana ndo zinazofaidika zaidi zikiongezewa silika, zile zenye ukinzani wa kurithi tofauti yake ni ndogo. Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na Brazil peleka udongo wako ukapimwe, pamoja na potasiamu, kisha mpe bwana shamba majibu na jina la aina unayolima, vyote viwili, maana kimoja bila kingine atakuwa anabahatisha.